Upepo wa Tairi Mbili

Jumatatu, 13 Januari 2025

Leo tena. Mikate imetoka kwa oveni saa kumi na moja, nimepanga kreti ndani ya gari langu, ile Probox, nimefungua geti — kanta, lori la mtu. Imesimama pale kama ukuta. Dereva hayupo. Nimepiga honi mpaka mbwa wa jirani wameamka wote.

Tangu ndengu, hizi choroko zetu, zianze kuvunwa, Abdulkadir wa Mwingi amekodi ile stoo iliyo mbele ya kwangu. Ananunua kwa wakulima, anajaza magunia, anapeleka Nairobi. Sina neno na kazi ya mtu. Lakini wanaomletea ndengu wanaacha magari mbele ya geti langu. Na wanaokuja kliniki ya kina mama hapa kando, hao pia. Ule uwanja marehemu mume wangu Nyamai aliuacha wazi ili tupakie mikate vizuri. Sasa soko zima la Zombe linadhani ni stendi.

Shule ya sekondari wamepata mkate saa mbili. Chai walikuwa wameshakunywa.

Jumamosi, 18 Januari

Pikapu. Halafu trekta. Halafu mtu ameacha pikipiki yake imeegemea geti lenyewe, nimefungua ikaanguka, akanigombeza mimi!

Mwaitu, mama yangu, anacheka. Ananiambia siku hizi mimi ni mlinzi wa geti. Yeye haoni magari, anaona vivuli tu, lakini anajua kila injini kwa sauti. Ameniambia lile trekta litakufa kabla ya Pasaka.

Jumatatu, 27 Januari

Kesho ndiyo siku yenyewe. Kambi ya macho Kitui, madaktari wanatoka Nairobi, siku moja tu. Jina la Mwaitu liko kwenye orodha ya operesheni, jicho la kulia. Saa mbili kamili tuwe pale, hajala kitu.

Nimemwogesha leo jioni. Amechagua nguo yake ya bluu, ile ya Krismasi. Nimemwambia ni hospitali si harusi. Amesema mtu wa kwanza atakayemwona baada ya miaka mitatu lazima amkute amevaa vizuri.

Jumanne, 28 Januari

Tumetoka saa tatu na nusu.

Kanta ya Abdulkadir mbele, pikapu ya mtu nyuma yake, zote mbele ya geti. Abdulkadir alitoa yake alipoitwa. Mwenye pikapu alikuwa ameenda na ufunguo, simu haishikwi. Matatu ya asubuhi ilikuwa imeshapita. Boda Mwaitu hawezi, nyonga yake haikubali. Alikaa ndani ya Probox na nguo yake ya bluu, mkoba juu ya magoti, kwa muda wa saa tatu nzima. Mimi nikizunguka stoo kwa stoo nikiuliza kama mwendawazimu.

Mwenye pikapu alikuwa akinywa supu! Alikuja akipangusa mdomo. Aliniuliza kama kuna shida.

Kitui tulifika orodha imefungwa. Kijana wa meza alituonea huruma, kweli, aliingia ndani mara mbili kutuombea. Alirudi akasema madaktari watakuja tena mwezi wa saba, labda.

Mwaitu alisema, "Basi nitaona mwezi wa saba."

Tumerudi. Amevua nguo yake mwenyewe, kifungo kwa kifungo, kwa kugusa. Ameikunja. Ana miaka themanini na mmoja. Mwezi wa saba!

Jumatano, 29 Januari

Nimemfuata Abdulkadir stoo. Nimemwambia yote, mbele ya wateja wake. Nilitaka abishane. Hakubishana. Aliweka mkono kifuani akasema pikapu haikuwa yake lakini watu wanakuja kwa sababu yake, kwa hivyo kosa ni lake. Akaniambia, "Mama Mutie, nakuahidi, hakuna gari litafunga geti yako tena mimi nikiwa hapa."

Maneno. Nimesikia maneno mengi.

Nimeandika kibao kwa rangi nyekundu juu ya bati: USIPAKI HAPA.

Jumanne, 4 Februari

Siku tano nzuri. Kanta yake haijasogea karibu. Lakini leo ameenda kupima ndengu mashambani, na uwanja umejaa. Mtu ametundika koti lake juu ya kibao changu. Nimepanga mawe kila upande wa geti, labda yatawazuia.

Mwaitu alimimina chai nje ya kikombe leo, ikamchoma mkono. Akasema ni kitu kidogo. Nimepaka dawa. Kila nikiona hicho kidonda namwona yule mtu wa supu.

Jumanne, 18 Februari

Nimefanya.

Gari jeupe, dogo, limeachwa katikati kabisa ya geti. Nilikuwa nyuma kwenye oveni nikasikia wanaume wakigombana mbele, nikajua ni mambo ya kupaki. Nilipotoka hakukuwa na mtu. Gari tu. Kanta ya Abdulkadir ilikuwa inaondoka, vumbi lake tu. Nimesubiri. Nimepiga honi. Kreti sita ndani ya gari langu, na geti limefungwa.

Nimeinama upande wa ukuta, mahali mtu wa barabarani haoni. Kijiti cha kiberiti, unakibonyeza pale kwenye valvu. Nyamai ndiye alinifundisha. Tairi ya mbele. Ya nyuma. Ana spea moja tu, ajue.

Boda amekuja kuchukua kreti, nitaenda naye. Naandika haraka. Mwaitu ameniuliza nilikuwa nafanya nini huko nje, amesikia kitu kama nyoka.

Moyo wangu umekuwa mwepesi leo, mara ya kwanza tangu siku ya Kitui. Wacha na yeye asubiri.

Jumanne hiyo hiyo, jioni

Mungu wangu.

Mwenye gari ni mtu wa upande wa Endau, anaitwa Kisilu. Alikuwa ameleta mke wake kujifungua. Mumbua. Uchungu ulianza usiku. Aliacha gari pale akambeba.

Saa tatu Sista Mutindi wa kliniki alipima, mapigo ya moyo ya mtoto yanashuka. Akawaambia ni operesheni, waende Kitui sasa hivi. Ambulansi ilikuwa imeshaenda na mgonjwa mwingine. Kisilu alikimbilia gari lake. Tairi mbili chini.

Fundi wa pancha hakuwa na stima, mashine yake ya upepo haifanyi kazi. Pampu ya mkono, mpira wake umepasuka. Walikuja kugonga kwangu kuomba Probox. Mwaitu aliwafungulia. Probox ilikuwa hapo, ufunguo uko ukutani — lakini nani ataitoa? Gari lao lilikuwa limeifungia ndani. Walijaribu kulisukuma. Tairi hazina upepo, na ile miinuko ya mawe niliyoweka mimi ili watu wasipaki. Halikusogea.

Abdulkadir alirudi saa nne. Alimwaga magunia chini, akamweka Mumbua mbele, akaenda naye Kitui.

Haya yote Mwaitu ndiye amenisimulia. Mimi nilikuwa nikisambaza mikate.

Jumatano, 19 Februari

Mtoto amefariki. Alitoka kimya. Mumbua yuko hai, wamemwongeza damu.

Nimeoka. Sijui nimeoka nini.

Alhamisi, 20 Februari

Nimemuuliza Sista Mutindi. Nilienda na mkate kama kisingizio. Nikamuuliza tu, hivi, kama mtu yeyote angeuliza: wangetoka saa tatu, mtoto angepona?

Alikuwa akiosha mikono. Hakugeuka. Akasema, "Mama Mutie, saa moja ni saa moja. Labda angepona. Labda hapana. Mimi siwezi kusema, na hakuna mtu atakuambia."

Halafu akasema anayeweza kutoa upepo kwenye gari lililo mbele ya kliniki ya kina mama, huyo si mtu.

Nilisema ndiyo, si mtu.

Na hapa sitajidanganya, kwa sababu hakuna anayesoma hapa isipokuwa mimi. Niliona kiti cha nyuma. Nilipoinama kwenye tairi ya nyuma niliona kwa dirisha. Beseni jipya la plastiki, leso mbili zimekunjwa, paketi ya pamba. Niliona. Nikafikiri ni mtu ametoka kununua vitu sokoni. Au sikufikiri. Mimi nimezaa watoto watatu. Beseni, leso, pamba — mwanamke gani hajui?

Jumamosi, 22 Februari

Watu wanasema ni Abdulkadir.

Eti asubuhi ile yeye na Kisilu waligombana mbele ya geti langu, kila mtu alisikia. Eti alimwekea kinyongo, akatoa upepo, akaondoka. Nimemwambia mama wa mboga kwamba yeye ndiye alimpeleka Mumbua hospitali. Akasema ndiyo, dhamiri ilimsumbua. Akasema mbona alikuwa tayari kumwaga magunia haraka hivyo?

Nilikuwa na nafasi ya kusema, nikaweka nyanya kwa kikapu.

Jumanne, 25 Februari

Wakulima wanapita stoo ya Abdulkadir hawasimami. Wanapeleka ndengu kwa mnunuzi mwingine kule juu. Mbele ya geti langu hakuna hata baiskeli.

Nitaandika jambo baya. Leo asubuhi nilitoa Probox mara moja tu, bila honi, na kwa muda kidogo — kama kupepesa jicho — nilifurahi. Nikajiambia, hata hivyo kanta yake ndiyo ilianza. Mwaitu haoni kwa sababu yake. Nikaliendesha hilo wazo mpaka shuleni. Niliporudi lilikuwa limekufa.

Jumamosi, 1 Machi

Akina mama wa kanisa tumeenda Endau kumwona Mumbua. Walinipa kazi ya mikate. Kumi na mbili. Niliikanda jana na ilikataa kuumuka, nikaanza upya.

Nyumba ndogo, safi. Mumbua ana miaka ishirini na tatu, huyu angekuwa mtoto wake wa kwanza. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Maziwa yalikuwa yamelowesha blauzi yake, akawa anajifunika na leso, tukajifanya hatuoni. Tuliimba. Mchungaji alisoma. Mwenyekiti wetu akasema Mungu hakosei.

Mkate wangu ulikatwa. Mumbua alichukua kipande kwa adabu, akala mbele yangu. Akaniuliza kama ni mimi naoka. Nikasema ndiyo. Akasema ni laini sana.

Kisilu alitusindikiza mpaka barabarani. Ni mtu mrefu, anatembea ameinamisha kichwa. Hakuniangalia hata mara moja. Nilifikiri anajua. Sasa nafikiri ni aibu tu. Yeye! Aibu!

Jumapili, 2 Machi

Kanisani sikushiriki meza ya Bwana. Nilisema tumbo.

Mwaitu hakuuliza. Baada ya chakula aliniambia, "Mwongeli. Huyo Abdulkadir ana watoto?"

Nikasema sijui.

Akasema, "Uliza."

Alisikia ile sauti ya nyoka kwenye tairi. Amekuwa akijua tangu siku ile ile.

Alhamisi, 6 Machi

Kamati ya soko imemwita Abdulkadir leo, kwenye banda la ofisi yao, saa nane, jua lote likiwa juu ya mabati. Amefunga Ramadhani. Midomo yake ilikuwa imekauka, na hakuna aliyefikiri kumwita asubuhi. Kisilu alikuja. Na mimi niliitwa kwa sababu geti ni langu.

Mwenyekiti alimuuliza Abdulkadir waligombana kuhusu nini siku ile.

Abdulkadir alisema, "Nilimwambia aondoe gari pale. Nilikuwa nimemwahidi Mama Mutie kwamba geti yake haitafungwa tena. Mama yake ni mgonjwa wa macho. Huyu bwana akaniambia ni dakika mbili tu, mke wake ana uchungu. Nikamwambia basi, pole, nikaenda zangu."

Kumbe ndiyo kelele niliyoisikia nikiwa kwa oveni. Alikuwa akinilindia geti.

Mwenyekiti akanigeukia. Akaniuliza kama ni kweli aliahidi. Watu wote wakaniangalia, hata Kisilu. Nilisema ndiyo, aliahidi. Ulimi wangu ulikuwa mdomoni, maneno mengine yalikuwa hapo hapo nyuma yake. Mwenyekiti akasema asante mama, kaa.

Nikakaa.

Wameamua hawana ushahidi. Lakini wamemwomba afunge stoo kwa muda, mpaka watu watulie. Walisema kwa upole. Alikubali kwa upole. Kisilu alimpa mkono, akamshukuru kwa kumpeleka mke wake, mbele ya watu wote. Baadhi walinung'unika.

Ana watoto wanne. Nimeuliza.

Jumamosi, 8 Machi

Abdulkadir anapakia. Nimetazama kwa dirisha asubuhi yote. Mizani, turubai, magunia matupu. Hakuna mtu wa kumsaidia.

Saa sita alivuka barabara akaja kugonga geti. Alisimama nje, hakuingia. Alimsalimia Mwaitu kwa sauti kubwa, akamwombea jicho lake. Akasema atauliza Mwingi kama kuna kambi nyingine kabla ya mwezi wa saba, na akipata habari atapiga simu.

Nilitaka kusema. Nilishika chuma cha geti. Nikasema, "Abdulkadir, siku ile —"

Aliniangalia. Alisubiri, alisubiri kweli, kama mtu aliye na siku nzima. Sikumaliza.

Akasema, "Geti yako sasa iko wazi, Mama Mutie." Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. Akaenda.

Anajua? Sijui kama anajua.

Jumanne, 11 Machi

Nimepiga simu kwa Mutie, kijana wangu aliyeko Emali. Nikamweleza kama ni habari ya mtu mwingine. Akaniambia huyo mtu anyamaze, mambo yatapoa, akisema atafungwa au atapigwa. Akauliza ni nani. Nikasema ni jirani tu.

Akasema mwambie jirani asiongee na mtu.

Jumatano, 19 Machi

Siandiki kwa sababu hakuna la kuandika. Naoka. Napeleka. Narudi. Geti wazi.

Nimetoa kibao. Nimeng'oa mawe.

Jumatatu, 24 Machi

Abdulkadir amepiga simu. Kuna daktari wa macho anakuja Mwingi mwezi wa tano, ameandikisha jina la Mwaitu. Nimeuliza hali yake. Amesema anasaidia kaka yake dukani, ndengu ameacha kwanza, habari za Zombe zilifika Mwingi kabla yake.

Nimekata simu nikakaa chini jikoni, kwenye sakafu.

Mwaitu alikuja akipapasa ukuta. Akakaa kwenye kiti kando yangu. Nikamwambia. Mara ya kwanza kusema kwa mdomo. Nilisema yote, hata beseni.

Hakunigusa. Akasema jicho lake hataki lifunguliwe na mkono wa mtu tuliyemfukuza. Akasema hatakwenda Mwingi mpaka nisafishe jina la Abdulkadir. Akarudi chumbani akipapasa.

Jumamosi, 29 Machi

Nilifika nusu ya njia ya Endau. Nikageuza gari.

Jumanne, 1 Aprili

Naandika nimesimama.

Leo Mumbua alikuwa na siku ya kliniki, wiki sita. Nilikuwa napakia kreti geti likiwa wazi. Nikamwona anakuja kwa miguu kutoka upande wa kanisa, jua kali, amemshika Kisilu mkono, wanasimama, wanatembea, wanasimama. Nilitazama nyuma yao. Gari jeupe lipo mbali kule, chini ya ukuta wa kanisa. Uwanja wangu wote ni mtupu. Mbele ya kliniki patupu. Amelipaki kule mbali na anamtembeza mke wake, mtu wa mshono!

Nikatoka. Nikamuuliza kwa nini hakuleta gari hapa.

Kisilu akavua kofia. "Mama, siku ile nilifunga geti yako bila kuomba. Sijawahi kuja kukuomba msamaha. Nimekuwa nikijiambia, kama ningepaki mahali pazuri, hakuna mtu angegusa lile gari. Kwa hivyo ni mimi."

Wiki sita amelala na hilo. Ni mimi! Yeye!

Nikawaambia waingie. Sikuweza kusema kingine. Mumbua alikuwa amechoka, amekubali mbio mbio. Nimewakalisha sebuleni na Mwaitu. Nimesema naleta chai.

Maji yamechemka, nimezima. Vikombe viko kwenye trei, mkate umekatwa. Nasikia Mwaitu akizungumza na Mumbua. Amemuuliza mtoto alikuwa wa kike au wa kiume. Mumbua akasema, wa kike. Mwaitu akauliza kama walikuwa wamechagua jina. Sisi akina mama wote tulioimba kule Endau, hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Sasa Mumbua analia, sauti ya chini. Kisilu anamwambia nyamaza, nyamaza, tuko kwa watu.

Naacha trei hapa. Wasile mkate wangu kabla sijawaambia.

Naenda.